Baiskeli yenye mota bado ni baiskeli

Mhariri,

Habari za pikipiki za stima na mabasi ya stima tunazisoma kila wiki na mimi nazifurahia kabisa, lakini kuna sisi wengine hatutajwi popote, watu wa kuchukua baiskeli ya kawaida, ile tu iko nyumbani, na kuifunga mota ya stima ya katikati, pale kwenye pedeli. Yangu ni ya mitumba, ina gia 7 nyuma, na nimeiendesha karibu mwaka mzima sasa kutoka Uthiru mpaka Industrial Area na kurudi, kama kilomita 30 kwa siku.

Mwenye amewahi kuendesha baiskeli hapa Nairobi anajua shida iko wapi. Mji wenyewe umeinama, magharibi ni juu, kwa hivyo sisi wa huku asubuhi tunateremka na jioni tukiwa tumechoka ndio tunapanda, ukitoka Museum Hill ukamate Waiyaki Way mpaka upite Kangemi karibu njia yote ni kusukuma pedeli, na magari yanakupulizia moshi usoni. Hapo ndipo watu wengi huacha baiskeli, si eti ni wavivu.

Kuna mota za kufunga ndani ya gurudumu na kuna hii ya katikati inayokaa pale pedeli zinapozungukia. Ya gurudumu ni rahisi kufunga, lakini gia za baiskeli haizitumii, kwa hivyo mlima mrefu inaupanda na nguvu ileile, inapunguza mwendo na kupata moto. Ya katikati inavuta cheni, na cheni inapita kwa gia zako za nyuma, kwa hivyo ukifika mlimani unaweka gia laini na mota inapumua vile tu miguu yako ingepumua. Ndio maana yangu ni ya wati 250 peke yake na Kangemi inapanda. Betri ni volti 36, saa-ampea 14, ukizidisha unapata kama wati-saa 500, na uniti moja ya tokeni ni wati-saa 1,000, maana yake kuijaza ni nusu ya uniti na kidogo juu. Nusu uniti! Na stima yetu yenyewe nyingi yake inatoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Tana na upepo wa Turkana.

Kuifunga tulifanya na fundi wangu wa mtaani Kawangware, jumamosi moja. Tulitoa mikono ya pedeli, tukatoa ekseli na mabearing yake, tukabaki na lile bomba tupu la chini kwa fremu, akalipima na vernier, kile kipimo cha mafundi, milimita 68, akasema inaingia hii. Mota ikapita kutoka upande wa cheni, tukafunga nati zake upande wa pili. Tulifikiri tumemaliza. Wiki ya pili nikiwa napanda nikaskia kitu kimegonga, kuangalia chini mota imejizungusha ndani ya fremu na waya umevutwa umekaza kama kamba ya nguo, ingebaki kidogo ukatike. Kumbe zile nati zinataka kukazwa sana, na spana yake maalum fundi hakuwa nayo, alikuwa anazigonga na patasi na nyundo. Nimlaumu vipi mtu ambaye hajawahi kuonyeshwa? Alienda akachongesha spana ya chuma na tangu siku hiyo haijasonga. Pia amejifunza kwamba ndani ya mota nyingi za aina hii kuna gia ya nailoni, ukipanda mlima na gia ngumu unaichoma, na kwamba cheni inaisha haraka kuliko ya baiskeli ya kawaida kwa hivyo unaipima mapema kabla haijakula meno ya gia.

Sasa kilio changu, Mhariri. Hii kitu kila mtu anaipa jina lake. Sheria ya Fedha ya 2023 iliondolea baiskeli za umeme na betri za lithiamu VAT, ile kodi ya mauzo, tukashangilia, lakini wakati wa kuleta seti yangu ya mota wakala aliyenitolea mzigo akaniambia hiyo nafuu ni ya baiskeli nzima, mota peke yake ni spea, lipa asilimia 16. Yaani mwenye pesa ya kununua baiskeli mpya ya umeme anapunguziwa, na mwenye anataka kutumia ile anayo analipishwa, hiyo ni haki gani jameni. Halafu kazini askari wa geti akaiangalia akasema hiyo ni pikipiki, baiskeli zinaingia ndani lakini pikipiki zinakaa nje kando ya barabara. Nikamwonyesha pedeli, nikamwonyesha cheni, wapi. Kwa hivyo kila asubuhi nafunga fremu nje na kufuli mbili na kubeba betri ya kilo 3 mpaka floor ya tatu.

Kule Ulaya hili jambo walilimaliza kitambo, mota isizidi wati 250, isaidie tu ukiwa unakanyaga pedeli na ijikate ukifika kilomita 25 kwa saa, basi hiyo ni baiskeli, haitaki namba ya gari. Hata sisi tungeandika mstari kama huo kwa sheria zetu, kwamba seti ya mota ya kiwango hicho ihesabiwe sawa na baiskeli ya umeme kwa kodi, kwa geti na kwa barabara. Wenye wanafunga mota za wati 1,000 na kwenda mbio kama bodaboda hao nao wawekwe na bodaboda, sina ubishi hapo. Na NITA ambao wanapima makanika wa magari na kuwapa vyeti waweke mtihani wa hizi mota pia, ili fundi wangu asijifunzie kwa waya zangu. Kaunti yetu ilitoa sera ya 2015 ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa watembea kwa miguu na baiskeli, hiyo pesa iwe inaonekana, maana kuna sehemu za Waiyaki Way njia yetu imejaa vibanda na pikipiki zimepaki.

Kuna mzee jirani yangu anapeleka maziwa na Black Mamba, ile baiskeli nzito ya zamani isiyo na gia, mikebe miwili nyuma, alfajiri kabla jogoo awike. Ameniuliza mara tatu seti ni ngapi. Nimemwambia mzee wangu, kwanza tafuta gurudumu la nyuma lenye gia kwa sababu bila gia mota ya katikati haina faida kwako, na hizo breki za vyuma uzitoe kabisa tuweke za waya, maana na mzigo huo ukiteremka na mvua hazitakushika. Breki ameshabadilisha wiki jana. Mota anangoja kusikia kama hiyo VAT itatoka.

Mwendesha baiskeli,
Uthiru, Nairobi