Barua kwa mwanangu: kabla fundi hajashika drili

Mwanangu,

Hayo matatu unayoyataka kwenye kiti chako cha magurudumu cha umeme, yaani kusogeza kijiti cha kuendeshea, kuchajia simu na kubebea laptopu, yanawezekana, ila tuanze na kijiti, maana ndicho unachokishika kutwa. Kaa kama unavyokaa siku zote, na mto wako na viatu vyako, mabega yameshuka. Mkono ukikifikia kijiti bila bega kupanda, hapo ndipo mahali pake. Chini ya egemeo la mkono kuna skrubu ya pembe sita. Ilegeze, usogeze kisanduku chenye kijiti sentimita moja, kaze, zunguka chumbani, ndipo usogeze tena. Waya wake usikazwe sana. Siku utakapoinamisha kiti utavutika, plagi itachomoka kidogo, na kiti kitagoma katikati ya barabara.

Umeme wa kuchajia simu ndipo mafundi wengi huharibu. Chini yako kuna betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo, jumla 24. Fundi wa magari atataka achukue 12 kwenye betri moja. Mkatalie. Hiyo moja itashuka kuliko mwenzake, na chaja huzichaji zote mbili kama betri moja: iliyoshuka haitajaa, nyingine itapitilizwa, zitakufa zote mapema. Nunua kigeuzi cha kushusha volti 24 hadi 5, chenye tundu la USB na kinachohimili volti 32 au zaidi, kwa kuwa wakati wa kuchaji betri hupanda hadi karibu 29. Kiungwe kwenye ncha mbili za jozi nzima.

Fyuzi ya ampia 3 ikae kwenye waya mwekundu, jirani kabisa na betri. Ikiwekwa huko juu karibu na simu, waya ukichunika njiani hakuna cha kukata umeme, waya utawaka chini ya mapaja yako. Waya mweusi nao urudi hadi kwenye betri. Fremu ya kiti haitumiki kurudishia umeme kama bodi ya gari. Kabla ya yote, kiti kizimwe, plagi za betri zichomolewe, na fundi avue pete na saa.

Begi la laptopu usilitundike nyuma ya mgongo. Kwenye mwinuko uzito huo ndio unaobinua kiti. Meza ndogo ya plaiwudi ya milimita 9 itafaa zaidi, kona zikipigwa msasa. Ishikwe kwa klampu zenye raba. Bomba la fremu halitobolewi, ufa huanzia kwenye tundu. Kama huwezi kuitoa mwenyewe kwa mkono mmoja, fundi airudie.

Kisha pima upana wa kiti upya, ulinganishe na mlango wa choo kwanza.

Nitumie picha ya fyuzi kabla waya hazijafunikwa.

Baba