Stika ya bima kwenye kioo haimkingi dereva mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hii bima ya lazima ya gari, ile tunayoiita thad pati au bima ndogo, maana watu wengi wakishabandika stika kwenye kioo wanaamini wamekingwa na kila kitu kumbe sivyo kabisa.

Bima hii haikuwekwa kwa ajili ya dereva. Jimbo la Massachusetts kule Marekani liliifanya lazima kuanzia 1927, Uingereza ikapitisha sheria yake 1930, na shida yenyewe ilikuwa watu wanagongwa barabarani halafu aliyewagonga hana hela ya kuwalipa, ndo sheria ikasema huingizi gari barabarani mpaka awepo wa kumlipa utakayemuumiza. Kwa hiyo ukigonga mtembea kwa miguu bima inamlipa yeye, na nchi nyingi inalipa pia gari la mwenzio uliloliharibu. Gari lako likikunjika kwa kosa lako, hulipwi. Likiibiwa au likiungua, hulipwi. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba wewe uliyeshika usukani ukivunjika mguu na kosa ni lako, mara nyingi hospitali ni juu yako, wakati abiria wako anaweza kudai na akapata.

Halafu kuna hili ambalo madereva wengi hawalijui, ukiendesha umelewa au huna leseni, kampuni inaweza kumlipa majeruhi kwa sababu sheria inaibana, kisha ikakugeukia wewe uirudishie hela yake yote. Hata mwenye bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, asijione yuko salama, gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi we unapakia abiria wa kulipa, siku ya ajali madai yako yanaweza kukataliwa, na hapo utamlaumu nani?

Mawakala wanajua haya yote lakini wakati wa kuuza hawayasemi, wanataka mteja alipe aondoke, na hili si haki hata kidogo. Ndugu zangu madereva, ukienda kukata bima muulize wakala: mimi nikiumia kwa kosa langu nani ananitibu? Akikwambia hakuna, ulizia bima ya ajali ya dereva, kampuni nyingi zinaiuza kama nyongeza, na uhakikishe imeandikwa kwenye mkataba, isiwe maneno ya mdomoni tu.

Msomaji wenu