Mizinga ina majina, wapagazi hawana

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu niko sekondari na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile habari yenu ya Jumapili kwamba wananchi "hawana mwamko" wa kutembelea makumbusho imenikera mpaka chai imenipoa mkononi. Hatuna mwamko? Mimi nilikuwa nao. Nilienda nao mwezi uliopita, mimi, mke wangu, watoto wawili na mzee wangu wa miaka 81, kwenye kajumba kamoja ka makumbusho ya vita, na siku hiyo wageni tulikuwa sisi tu. Mwamko wote nikauacha hukohuko getini.

Mzee ndiye aliyetaka twende. Babu yake alikuwa mpagazi Vita ya Kwanza, alikamatwa shambani akabebeshwa mzigo, akarudi baada ya miaka miwili amebaki mifupa, na wale alioondoka nao kijijini hawakurudi. Sisi hatuna picha yake wala cheti, tuna hayo maneno tu. Mzee akasema twendeni, pengine kuna chochote.

Vitu vipo, mhariri, tele. Bunduki, kofia, vifungo, halafu bunduki tena. Kila bastola ina karatasi yake, mwaka gani, kiwanda gani. Von Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, kapewa ukuta mzima na farasi wake. Pembeni kuna picha ya mizinga ya Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyomalizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, na maelezo yanasema mizinga yake 10 ya milimita 105 "ilitolewa melini ikahamishiwa nchi kavu". Ikahamishiwa! Na nani jamani, upepo? Mzinga wa meli haukutengenezwa kutembea porini, ule ulivutwa kwa kamba na watu, kwa mamia, matopeni. Mwanangu wa darasa la sita kasoma kwa shida (yote Kiingereza na Kijerumani, Kiswahili tulichokikuta ni USIGUSE peke yake) akaniuliza, baba, waliovuta wako wapi? Nikamuuliza mhudumu. Akasema wapagazi wako chumba cha nyuma, kimefungwa, mwenye funguo katoka kidogo.

Tukasubiri. Hiyo "kidogo" ikawa saa nzima na nusu, na humo ndani hakuna kiti hata cha dawa, basi mzee miguu ikamshinda akajishikiza kwenye kreti moja la risasi pale ukutani, mara mlinzi huyoo anakuja anapuliza filimbi, filimbi mhariri, ndani ya nyumba, kwa mtu wa miaka 81, "mzee unakalia historia!" Na mzee wangu akainuka, akavua kofia, akasema nisamehe mwanangu. Yaani nimeshindwa kulala siku hiyo. Makreti kama yale babu yake kayabeba kichwani mpaka nywele zikanyonyoka, hiyo tunaambiwa tangu wadogo, leo mjukuu anaomba radhi kwa kulikalia dakika mbili, na anayemfukuza hajui hata lilifikaje pale. Nilitaka kuongea nikaona mke wangu ananikonyeza, nikanyamaza. Funguo hazikuja.

Na shuleni nako ni vilevile. Mtoto kauliza, kaambiwa ukikutana na swali andika 1914 hadi 1918, basi. Hata hiyo haitoshi, maana Ulaya walinyamazisha bunduki tarehe 11 Novemba, huku kwetu Lettow-Vorbeck kajisalimisha tarehe 25 kule Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, na hizo wiki mbili za katikati mizigo ilikuwa bado vichwani mwa watu. Kariakoo mwanangu anaijua kwa derby ya Simba na Yanga. Nilipomwambia jina limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, kwamba Waingereza walipoitwaa Dar mwaka 1916 waliwaweka wapagazi wao pale, akadhani namtania. Tunapita pale kila wiki kununua nguo, kibao cha kueleza hilo mimi sijakiona.

Ile Sanamu ya Askari ya Posta, ya mwaka 1927, maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, tena yanaahidi kwamba hata wakifa wana wao watayakumbuka majina yao. Majina yapi? Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na wapagazi wengi hata risasi haikuwagusa, waliuawa na kuhara, malaria na njaa.

Sasa mnataka dawa ya mwamko. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 25. Basi wanunue kiroba cha mchanga cha uzito huo wakiweke mlangoni, na kila asubuhi yule mwenye funguo akijitwike, peku, azunguke jengo mara 40, filimbi apulize yule yule mlinzi. Akimaliza ndio afungue chumba cha nyuma. Na kiti kimoja wekeni, cha plastiki tu kinatosha, mzee anasema atarudi.

Msomaji wenu wa siku nyingi