Gari likigongwa na mhusika akakimbia

Mhariri,

Wengi wakikuta gari limegongwa kwenye maegesho, cha kwanza hufuta vumbi kwa kitambaa ili waone ukubwa wa pigo. Hapo ndipo ushahidi unapopotea. Rangi ya gari lililogonga hubaki imeng'ang'ania mlangoni au kwenye bampa. Ipigwe picha kwa karibu, sarafu ikiwa pembeni kuonyesha ukubwa, kisha nyingine kwa mbali, gari likiwa palepale.

Okota vipande vyote vya taa vilivyoanguka chini. Kwenye kioo cha taa mara nyingi pameandikwa jina la kiwanda, kama Koito au Stanley, pamoja na namba. Muuza spea mzoefu akiisoma namba hiyo anaweza kukutajia aina ya gari lililokimbia. Duka au sheli ya jirani ikiwa na kamera, omba picha siku hiyohiyo, maana nyingi hurekodi juu ya picha za zamani.

Ripoti trafiki kabla ya kumwita fundi. Mlango ukishanyooshwa na kupigwa puti, mkaguzi wa bima hana tena cha kukagua, na dai hukwama. Ukiwa na namba ya usajili ya gari lililokimbia, bima yake huangaliwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.

Linaloniuma ni bima ndogo: wengi wanaikata wakidhani itawatengenezea gari, kumbe hulipa hasara ya mtu wa tatu tu, yaani yule uliyemgonga wewe. Mhusika asipopatikana, mwenye bima kubwa, inayolipia hata gari lake mwenyewe, ndiye mwenye pa kudai.

Mdau wa usalama barabarani,
Dar es Salaam