Barua kwa kampuni iliyotuuzia maporomoko ya Aprili mwezi wa Oktoba

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Utalii,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YA FAMILIA YA MAPOROMOKO YA VICTORIA NA MJI WA LIVINGSTONE, ZAMBIA

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Bagamoyo na mteja wenu. Binti yangu wa kwanza alipomaliza mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba, nilitaka aone kitu ambacho hatakisahau, yeye na wadogo zake wawili pamoja na bibi yao. Nikalipia ziara yenu ya Oktoba mliyoitangaza kuwa "ya familia nzima, maporomoko na historia". Nililipa ada yote kabla ya safari, kwa tarehe mliyoitaka ninyi, na risiti ninazo. Ninaandika kwa sababu mlichotuuzia hakikuwapo, na mlijua kuwa hakipo.

Naanza na maji. Kwenye kipeperushi chenu kuna picha ya maporomoko yamejaa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ukungu umetanda juu ya korongo na upinde wa mvua umekatiza katikati. Chini yake mmeandika kwamba ndivyo tutakavyoyaona tukiwa upande wa Zambia. Tulipofika, mbele yetu palikuwa na ukuta wa mwamba mweusi, mkavu, mrefu sana, na michirizi michache ya maji kwa mbali. Mwanangu wa mwisho aliniuliza maji yako wapi. Mwongozaji wenu akamjibu kwamba mwaka huu mvua imekuwa haba.

Ndugu Meneja, hilo si kweli, na nasikitika kwamba mtoto alijibiwa hivyo na mtu aliyelipwa kumfundisha. Upande ule hukauka, au hubaki na maji kidogo sana, kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Mto Zambezi unapata maji yake kwenye mvua za kaskazini-magharibi mwa Zambia na Angola, kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili. Maji hayo hayaji moja kwa moja. Yanatandaa kwanza kwenye mbuga kubwa za Barotse, wanakoishi Walozi, yanakaa huko kwa wiki nyingi, ndipo yanashuka. Kwa hiyo maporomoko hujaa sana mwezi wa Aprili, na hupungua mno Oktoba na Novemba. Jambo hili linafahamika kwa kila anayefanya biashara pale, kuanzia dereva wa teksi hadi mama anayeuza maji ya chupa getini. Yeye ndiye aliyenieleza haya kwa upole, baada ya kutuona tumesimama tumeduwaa.

Tena maji hayapungui sawasawa. Maporomoko yale yana upana wa mita 1,708, na mdomo wake haukulingana. Sehemu iliyo chini zaidi iko magharibi, upande wa Zimbabwe, kwenye maporomoko yanayoitwa Devil's Cataract. Mto ukipungua, maji mengi hukimbilia huko. Huko na kwenye Maporomoko Makuu maji hayakatiki mwaka mzima. Sehemu ya mashariki, Eastern Cataract, iliyo Zambia, ndiyo inayobaki mwamba mtupu. Yaani siku ileile tuliyosimama mbele ya ukuta mkavu, maji yalikuwa yakianguka ng'ambo ya daraja, mahali tungeweza kufika kwa miguu.

Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine yote. Sisi Watanzania hatuhitaji viza kuingia Zimbabwe. Familia ilihitaji kugongewa mihuri, kulipa kiingilio cha hifadhi ya ng'ambo, na nusu siku. Nilimwomba mwongozaji wenu atuvushe, nikamwambia niko tayari kulipa kiingilio hicho mwenyewe. Akasema ratiba hairuhusu kwa sababu basi lazima lifike soko la vinyago kabla ya saa tisa. Tulikaa kwenye soko hilo kwa muda mrefu kuliko tuliokaa kwenye maporomoko. Sina neno baya kwa wachongaji wale, kazi yao ni nzuri na nilinunua. Lakini sikusafiri kutoka Bagamoyo, nikapita Tunduma na Lusaka na mama mzee na watoto, ili maji yawe kilomita moja kutoka nilipo halafu nisiyaone.

Kipeperushi kiliahidi pia upinde wa mvua wa usiku, ule unaotokea mbalamwezi inapoangaza kwenye ukungu wa maji. Upinde huo upo kweli na ni moja ya maajabu ya pale. Unahitaji mwezi mpevu na ukungu mwingi. Kwa upande wa Zambia mwezi Oktoba hakuna ukungu wa kutosha, na hifadhi hata haina sababu ya kufungua usiku kwa ajili hiyo. Binti yangu alikuwa amewasimulia rafiki zake wote kuhusu upinde huo kabla hatujaondoka.

Badala ya hayo, mwongozaji wenu alipendekeza twende Devil's Pool kwa malipo ya ziada. Kwa wasiopajua, hicho ni kidimbwi kilicho ukingoni kabisa mwa maporomoko, ambapo watu huogelea wakati mto umepungua huku genge la mita 100 hivi likiwa mbele yao. Watu wazima wanaojua kuogelea na wenye kuongozwa vizuri wana haki ya kuchagua hivyo. Lakini aliyekuwa akishawishiwa mbele ya wanangu ni mtoto wa miaka saba. Nilikataa, na mtoto akalia kwa sababu alikuwa ameshaahidiwa. Ziara iliyoandikwa "ya familia" haitakiwi kumweka mzazi kwenye hali hiyo.

Oktoba pia ni mwezi wa joto kali mno katika bonde lile la Zambezi. Mlitupeleka kwenye hifadhi saa sita mchana. Hifadhi hufunguliwa asubuhi, na asubuhi kuna kivuli na hewa safi; mtu yeyote mwenye mzazi mzee angepanga hivyo. Mama yangu, mwenye fimbo, alikaa kwenye benchi karibu na lango muda wote kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kuna njia tambarare inayofika hadi ukingoni bila ngazi. Nilikuja kuigundua wakati wa kuondoka. Sisi wengine tuliongozwa kuteremka hadi Boiling Pot, chini korongoni. Msitu wa mikindu uliopo njiani ni mzuri ajabu na watoto waliupenda, lakini kupanda kurudi ni mawe na mwinuko mkali, na chupa za maji zilizoahidiwa kwenye basi zilikuwa zimekwisha. Nyani walimpokonya mwanangu mfuko wa chakula. Hakuna aliyetutahadharisha kwamba pale chakula hakishikwi mkononi.

Sasa historia. Hapa nitazungumza kama mtu wa Bagamoyo, na naomba mnisome kwa makini.

Mwongozaji wenu, akiwa amesimama chini ya sanamu ya David Livingstone, aliwaambia watoto kwamba Livingstone "aligundua" maporomoko haya, kwamba alifia hapohapo, na kwamba Waingereza wenzake waliubeba mwili wake kwenda kwao. Binti yangu alinitazama, kwa sababu amekulia karibu na mnara wa kanisa ambamo mwili huo ulihifadhiwa. Alinyamaza kwa adabu. Mimi pia nilinyamaza pale, nisimfedheheshe kijana wenu mbele ya wageni, ila kwenye barua hii sitanyamaza.

Livingstone alifika kwenye maporomoko tarehe 16 Novemba 1855, akipelekwa kwa mtumbwi na wenyeji waliopajua kabla hajazaliwa. Waleya wa Chifu Mukuni walikuwa wakiishi na kufanya ibada zao pale, na bado wapo. Alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, mamia ya kilomita kaskazini-mashariki mwa hapo. Waliokausha mwili wake, wakauzika moyo wake chini ya mti, kisha wakaubeba kwa miguu hadi pwani yetu, ni Waafrika: Abdullah Susi, James Chuma na wenzao, wanaume na wanawake. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Kutoka hapo mwili ulivushwa kwenda Zanzibar, na hatimaye ukazikwa Westminster Abbey, London, mwezi Aprili mwaka huohuo. Ziara inayotoka Tanzania kwenda mji wenye jina la mtu huyo ina hadithi ambayo kampuni ya nchi nyingine haiwezi kuisimulia kama sisi, kwa sababu mwisho wa safari ile ya miguu uko kwetu. Ninyi mliitupa, mkawapa watoto uongo mahali pake.

Na dawa ilikuwa mita chache tu kutoka tulipoegesha basi. Makumbusho ya Livingstone yalianzishwa mwaka 1934, yana barua na vifaa vya Livingstone mwenyewe, yana zana za mawe zilizookotwa kwenye bonde hilo, na yana nakala ya fuvu la Kabwe, fuvu la binadamu wa kale lililochimbwa mgodini mwaka 1921, ambalo lenyewe liko London hadi leo. Yana waongozaji wao wanaojua kazi yao. Mama mmoja pale alianza kuwaeleza watoto kuhusu fuvu hilo, jinsi wachimbaji walivyoliona na kwa nini Zambia inalidai, na wanangu walikuwa wamemzunguka kimya kabisa. Honi ya basi ikapigwa. Tulitolewa makumbusho tukiwa hatujafika chumba cha pili. Ratiba yenu inasema "saa mbili makumbusho". Hatukukaa hata nusu saa.

Makumbusho ya Reli, yaliyo kwenye ratiba hiyohiyo, hatukuyaona kabisa, licha ya kwamba mwanangu wa kati anapenda treni na ndiyo maana nilichagua ziara yenu badala ya nyingine. Mle ndani kuna vichwa vya treni vya mvuke vilivyokuwa vikivuta magogo ya kampuni ya mbao ya Zambezi Sawmills. Nilipouliza, nikaambiwa pamefungwa. Siku iliyofuata nilipapigia simu mwenyewe, nikaambiwa palikuwa wazi.

Daraja nalo lilipitwa vivyo hivyo. Daraja la Victoria Falls lilifunguliwa Septemba 1905, ni upinde wa chuma uliotengenezwa Uingereza ukaletwa vipande vipande na kuunganishwa juu ya korongo, na chini yake kuna kina cha zaidi ya mita 120. Mgeni anaweza kuomba kibali cha daraja kwa maofisa wa uhamiaji wa Zambia, akatembea hadi katikati bila kuingia Zimbabwe, akaona korongo na baadhi ya maji. Watoto wangependa kusimama na mguu mmoja kila nchi. Hatukuambiwa. Tulijua tulipokutana na familia moja kutoka Lusaka iliyokuwa ikirudi kutoka huko.

Nataka pia niwe mwadilifu. Dereva wenu aliendesha kwa uangalifu mkubwa njia yote, na malazi yalikuwa safi. Kijiji cha Mukuni tulipokelewa vizuri, na huo ndio muda pekee watoto waliojisikia kuwa wageni wa mtu. Watu wa Zambia hawakutukosea chochote. Kosa ni la waliopanga na waliotangaza.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. Kwanza, mnirudishie theluthi moja ya ada niliyolipa kwa familia yangu, kufidia Makumbusho ya Reli, saa za Makumbusho ya Livingstone zilizokatwa, ziara ya upinde wa usiku isiyowezekana, na maporomoko yenyewe. Sidai nauli wala malazi, kwa kuwa hivyo nilivipata. Pili, muondoe picha ya Aprili kwenye matangazo ya Oktoba. Si vigumu kuandika kwamba miezi ya Machi hadi Juni upande wa Zambia umejaa na mtu atalowa hadi nguo za ndani, na kwamba kuanzia Septemba hadi Desemba anayetaka maji avuke Zimbabwe. Mkisema hivyo, wako watakaochagua Oktoba kwa hiari yao, kwa sababu wakati huo mwamba na korongo huonekana vizuri bila ukungu, na hilo nalo lina uzuri wake. Lakini wachague wakijua.

Tatu, safari zenu za kiangazi ziwe na siku ya upande wa Zimbabwe ndani ya bei, au angalau ratiba inayomwachia mteja nafasi ya kwenda kwa fedha yake. Nne, mwongozaji anayewapeleka watoto kwenye sehemu za historia awaache wenyeji wa makumbusho wafanye kazi yao, na asimulie ya Susi na Chuma kwa usahihi. Nikihitajika, niko tayari kuja ofisini kwenu na kuzungumza na waongozaji wenu bila malipo. Bagamoyo si mbali na Dar es Salaam, na mnara wenyewe naweza kuwaonyesha.

Nimeambatisha nakala ya risiti, kipeperushi, ratiba mliyonitumia kwa WhatsApp, na picha tulizopiga tukiwa mbele ya mwamba ule, zenye tarehe. Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipoyapata nitapeleka malalamiko haya kwa mamlaka inayowapa leseni.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mzazi na mteja wenu,
Bagamoyo.