Mgongo hautibiwi kwa tramado tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hizi dawa kali za maumivu, sababu kila zikitajwa watu wanawaza vijana wa vijiweni, mi nimezijua nikiwa kazini na gambuti zangu miguuni.

Nilikuwa deiwaka (kibarua wa kutwa) kwenye kiwanda kimoja cha minofu hapa Mwanza, jina naliacha. Napandisha kreti za sangara kwenye gari nikateleza, kiuno kikalia ka! Supavaiza akanipa nauli, zahanati nikachomwa sindano, nikapewa tramado (kidonge kikali cha maumivu, kundi moja na mofini, wanaliita opioidi) za siku 5 na ED ya siku 3 (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi), basi. Hakuna aliyenigusa mgongo wala kuniuliza nabeba kilo ngapi. Zikaisha nikaongezewa, nikaongezewa tena, baadae hata kwa daktari siendi, kuna duka nilikuwa nanunua bila cheti na kila mtu anajua tramado ni dawa ya cheti. Ukimeza maumivu yanakaa mbali, unabeba kreti kama mzima, usiku mgongo unakudai na riba. Miezi minne mbele choo kinatoka kwa shida, nikikosa kidonge jasho na kutetemeka, na kazi yenyewe nishaikosa.

Nilidhani ni uzembe wangu, mpaka mpwa wangu anayesomea ufamasia aliponisimulia ya jimbo la Washington kule Marekani (sio ule mji wa ikulu yao). Huko fidia ya wafanyakazi inasimamiwa na jimbo, kwaiyo wanaona nani alipewa dawa gani na nani alirudi kazini. Utafiti wao wa 2008 ulikuta aliyeumia mgongo akapewa opioidi zaidi ya siku 7 kwenye wiki 6 za mwanzo, uwezekano wa kuwa bado hajiwezi kikazi mwaka mmoja baadae ulikuwa kama mara mbili ya mwenzake. Utasema aliyeumia sana ndo hupewa nyingi, hilo nao walilizingatia kwenye hesabu. Na tangu 2007 walishaweka mwongozo: dozi ya opioidi yoyote ikikaribia nguvu ya miligramu 120 za mofini kwa siku (mofini ndo wanayolinganishia) na mgonjwa haoni nafuu ya maumivu wala ya kufanya shughuli zake, daktari asiongeze kabla hajamuuliza bingwa.

Hapo kwenye kufanya shughuli ndo paliniuma. Mi niliulizwa tu "bado inauma?" Inauma ndio. Kama naweza kuinama kuchota maji hakuna aliyeuliza.

Sisemi dawa zifungiwe. Mama mdogo aliugua saratani, mofini ya maji ndo iliyompa usingizi. Hata Marekani mwongozo wa 2016 wa CDC (taasisi yao ya kudhibiti magonjwa) kuhusu hizi dawa uligeuzwa fimbo, wagonjwa wakakatiwa dawa ghafla wakateseka, 2022 ikabidi uandikwe upya. Na mi mwenyewe nilipoacha ghafla ilinishinda, nesi mmoja ndo akanipunguzia kidogo kidogo.

Ninachoomba ni kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, maana sheria yake ni ya 2008 na kwenye mafao yake utengamao (kumsaidia aliyeumia arudi kujiweza) umo. Basi mtu akiandikiwa tramado mara ya pili iwe lazima aonwe na mtu wa fiziotherapi (tiba ya mazoezi ya viungo) kwanza, na mwajiri aandike ana kazi gani nyepesi ya kumpa, hata kuhesabu kreti. Maana ED ya siku 3 kwa deiwaka ni siku 3 za njaa, nani ataimaliza? Ila yote hayo yanataka ajali iwe imeripotiwa, na yangu haikuripotiwa, iliishia kwenye ile nauli.

Siku hizi nauza dagaa Igoma, gunia nabebewa. Maofisa wa Mfuko siku moja wapite kwenye mageti ya viwanda saa 11 alfajiri, deiwaka wakiwa kwenye foleni, wawaulize taratibu wangapi wana vidonge mfukoni.

Deiwaka wa zamani,
Igoma, Mwanza