Majaji wa modeli, guseni ukuta kabla ya kutoa maksi

Mhariri,

Nimesoma habari yenu ya maonyesho ya kazi za mikono za wanafunzi, nikaiona na picha ya modeli iliyoshinda: msikiti mkongwe wa Kilwa Kisiwani, mweupe, laini, unang'aa kama keki ya harusi. Aliyeutengeneza sina neno naye, mikato yake imenyooka kuliko yangu. Ugomvi wangu ni na majaji. Mjukuu wangu alipeleka Gereza, ile ngome kongwe ya hukohuko Kisiwani, kwa skeli ya 1:50 (sentimita moja ya modeli ni hamsini za jengo), akarudi na karatasi imeandikwa: "Kazi haina unadhifu, kuta zinakwaruza."

Zinakwaruza, ndiyo. Tulihangaika wiki tatu ili zikwaruze.

Mimi ni mwashi mstaafu, chokaa imenila vidole tangu ujana. Gereza ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa ya huku kwetu ni matumbawe hayohayo yaliyochomwa. Kabla hatujakata kitu nilimvusha mtoto kwa mashua, tukafika saa mbili asubuhi jua likiwa la ubavuni. Saa sita mchana ukuta ule huuoni. Asubuhi kila kishimo kina kivuli chake. Nikamwambia afumbe macho, apitishe kiganja. Akanihesabia mikwaruzo mitatu: jiwe lina vitundu kama mkate wa kumimina, chokaa ya katikati ya mawe ina chembe za mchanga, na plasta iliyobaki ni laini ila ukingoni imekatika kama ganda la yai.

Vitundu ndivyo vilivyotutesa. Kuta tulizikata kwenye ile sponji nyeupe ngumu inayokuja ndani ya boksi la televisheni. Nilijua rangi ya kopo, ya kupuliza, huila sponji hiyo, maana dawa inayoyeyusha rangi huiyeyusha nayo. Nikaona tumepata fundi wa bure. Ukuta wa kwanza tulipuliza kwa karibu, ukaliwa mashimo ya milimita 8. Zidisha kwa 50: sentimita 40, kichwa cha mtu kinaingia na kilemba chake. Hilo ni pango, si jiwe. Wa pili tukautonatona kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, ikakauka, ndipo tukapuliza kwa umbali wa mkono mzima. Palipo na gundi pakabaki, pasipo na gundi pakatoboka vitundu vya ncha ya sindano. (Kazi hii ifanyike uani, Mhariri, na mtoto asimame upande unakotoka upepo. Moshi wake si wa kuvuta.)

Mchanga nao una hesabu yake, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Chembe ya milimita moja, kwa skeli ya 1:50, ni jiwe la sentimita 5, ukubwa wa limau. Ukimwaga mchanga wa ufukweni ukutani umejenga ukuta wa malimau. Wetu tuliuchekecha kwa soksi ya nailoni kuukuu ya shangazi yake, tukapata unga unga, tukaukoroga na gundi, tukaugonga ukutani kwa mswaki uliochakaa. Kugonga, si kupaka. Ukiburuta brashi inaacha mistari, na mistari hiyo jicho huiona hata ukiipaka rangi mara tatu.

Plasta ilikuwa jasi yenye gundi kidogo, tabaka jembamba kama kadi ya harusi. Ilipoanza kushika, kabla haijawa kavu kabisa, mtoto aliibandua kwa ukucha hapa na pale. Nilitaka kumsaidia, akanikataza. Kucha zangu nene mno kwa skeli ile, akasema.

Mwisho rangi. Maji maji ya rangi nyeusi yakaachwa yatelemke yenyewe kwenye vishimo. Yalipokauka, brashi ikachovywa rangi ya krimu, ikafutwa kwenye gazeti (lenu, samahani) mpaka ikawa karibu kavu, kisha ikapitishwa juu juu ishike vinundu tu. Hapo ukuta ukazeeka mbele ya macho yetu.

Sasa majaji walipitisha kidole, wakakuta hakitelezi, wakakata maksi. Ninachoomba ni kitu kidogo: fomu ya mwakani, kando ya unadhifu, iwe na mstari unaouliza kama ukuta unafanana na ule wa kweli, na jaji awe amewahi kuushika ule wa kweli. Mashua ya kuvuka kutoka Masoko haichukui muda mrefu.

Modeli iko juu ya kabati langu. Mkituma mpiga picha, mwambieni asitumie flashi. Afungue dirisha la mashariki, aje asubuhi.

Mwashi mstaafu,
Kilwa Masoko